Kamari inapoezeka madrasa

  

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani iliyopita, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliandika stakabadhi ya shilingi 800,000 za mabati ya madrasa yetu nikijua vizuri zilikotoka. Zilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini petu, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Tanga, ambaye ndiye mwenye zile mashine za kamari ambazo vijana wanaziita madubwi. Ziko kwenye banda la chipsi, ziko kwa kinyozi, ziko stendi. Alikuja baada ya swala ya Ijumaa, akamkabidhi mhazini bahasha mbele ya watu. Mhazini akamwombea dua, na mimi katibu nikaitikia amin, kisha nikapiga muhuri.

Wiki mbili baadaye, kijana wangu mmoja wa kidato cha pili alikuja shuleni bila mchango aliopewa na mama yake. Mama huyo anauza vitumbua stendi tangu alfajiri. Fedha ile ilikuwa ya vikoba, kaikopa kwa ajili ya mwanawe, na mwanawe akaimaliza kwenye dubwi kati ya Adhuhuri na Alasiri, sarafu moja moja ya shilingi 200. Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu. Nikamsimamisha darasani, nikaifungua Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, nikaeleza kwa sauti ya juu jinsi Allah (SW) alivyoiweka kamari safu moja na ulevi na masanamu, akaiita uchafu na kazi ya shetani, akatuonya kuwa shetani anaitumia kupandikiza uadui baina yetu na kutuzuia na swala. Nilipomaliza, kijana yule, bila ufedhuli wowote, macho yake yakiwa chini, akaniuliza: "Ustaadh, na yale mabati?"

Mabati yenyewe yalikuwa yanaonekana dirishani, yameegemezwa ukutani kwa msikiti. Nikamwambia akae. Hilo ndilo jibu pekee nililokuwa nalo siku ile.

Leo namjibu. Na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jibu langu linapitia mbali, katika mji mmoja mdogo wa Marekani ambao nilisoma habari zake nilipokuwa Chuo Kikuu nikichukua somo la historia. Wakati ule niliusoma kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka huu nimeurudia kwa sababu nyingine.

Mji wenyewe unaitwa Phenix City, uko katika jimbo la Alabama, kando ya mto Chattahoochee. Ng'ambo ya mto kuna mji mkubwa zaidi, Columbus, ambao tayari ni jimbo jingine, Georgia. Na karibu na Columbus kuna kambi kubwa ya jeshi la Marekani, Fort Benning, iliyoanzishwa mwaka 1918. Mwaka 1950 Phenix City ilikuwa na watu kama 23,000 tu. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili kambi ile ilijaa maelfu kwa maelfu ya askari vijana, wengi wao ndiyo kwanza wameondoka kwa wazazi wao. Siku ya mshahara walivuka daraja na fedha mfukoni. Upande wa pili walikuwa wakisubiriwa na baa, makahaba, karata, dadu, na mashine za kamari zilizopangwa ukutani. Dadu zilitiwa uzito upande mmoja na karata zilitiwa alama mgongoni, na mjini humohumo kulikuwa na karakana ya kutengeneza vitu hivyo. Askari aliyelalamika kuwa kaibiwa alipigwa. Mji ukapata sifa ya kuitwa mwovu kuliko yote nchini Marekani.

Sasa, zingatia jambo hili. Kwa sheria ya Alabama kamari ile yote ilikuwa haramu. Haikuwa na kibali hata siku moja. Iliwezekanaje basi mji mzima uendeshwe na wacheza kamari kwa zaidi ya miaka 20, hadharani, taa zikiwaka?

Watu wengi tukisikia habari za magenge tunafikiri yalianza na bastola. Hapana. Yalianza na hazina ya mji. Katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 Phenix City ilifilisika. Haikuwa na uwezo wa kulipa madeni yake wala wafanyakazi wake. Viongozi wakatazama huku na huku, wakaona mjini kuna watu wa aina moja tu wenye fedha taslimu. Kwa kuwa sheria iliwakataza kuwapa leseni, wakabuni njia: wenye mashine na wenye bahati nasibu wawe wanatozwa faini mara kwa mara, kisha waachwe waendelee. Faini ikawa ndiyo leseni. Fedha ile ikalipa polisi, ikaendesha huduma za mji. Na polisi anayelipwa mshahara kwa fedha ya kamari, ni nani atamtuma akaifunge kamari?

Tarehe 21 Aprili 1938, jengo moja la mkahawa lililokuwa kituo cha bahati nasibu liliporomoka likiwa limesongamana watu waliokuja kusubiri matokeo ya namba zao. Walikufa zaidi ya watu 20. Waliokuwa wakicheza bahati nasibu ile walikuwa maskini, wenye kuweka senti chache kila siku, maana aina hii ya kamari siku zote inamtafuta maskini kwanza. Mtu angedhani msiba ule ungeufumbua mji macho. Waliwazika watu wao, na bahati nasibu ikaendelea.

Hapa ndipo niliposimama nilipokuwa naisoma upya habari hii, nikakumbuka Suratul Baqara aya ya 219. Allah (SW) hakusema kuwa ulevi na kamari havina faida. Amekiri, na Yeye ndiye Mjuzi, kwamba mna manufaa kwa watu, kisha akasema madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Manufaa gani? Wafasiri wanatueleza maisiri ya Waarabu wa zama za Jahiliya ilivyokuwa. Walikuwa wananunua ngamia kwa deni, wanamchinja, wanamgawa mafungu, kisha wanapiga kura kwa mishale 10. Mishale 7 ilikuwa na mafungu, mitatu haikuwa na kitu. Ambaye mshale wake ulitoka mtupu ndiye aliyelipa bei ya ngamia. Na aliyeshinda nyama hakuila mwenyewe! Aliwagawia mafukara, na akajisifu kwa hilo, na aliyekataa kuingia katika mchezo ule aliitwa bahili. Ilikuwa, kwa lugha ya leo, kamari ya hisani. Wajane walikula nyama kwa kamari ile katika miaka ya njaa. Na pamoja na hayo yote Allah (SW) akaiharamisha.

Nimeifundisha aya hii miaka mingi. Wallahi sikuwahi kuyaona mabati ndani yake mpaka mwaka huu.

Turudi Phenix City. Mkubwa wa kamari pale alikuwa Hoyt Shepherd, na mshirika wake Jimmie Matthews. Mwaka 1946 mtu mmoja wa biashara hizohizo aitwaye Fayette Leebern alipigwa risasi akafa katika klabu ya usiku. Shepherd akashitakiwa kwa mauaji hayo. Akakusanya mawakili hodari, na mahakama ikamwachia. Miongoni mwa mawakili waliomtetea alikuwemo Albert Patterson.

Naomba jina hili likae akilini. Patterson aliwahi kuwa mwalimu, akawa mwalimu mkuu wa shule, ndipo akasomea sheria. Alikuwa akitembea kwa fimbo kwa majeraha aliyopata Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Hakuwa jambazi. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, akawa seneta wa jimbo. Lakini alikula. Alichukua ada ya fedha ile kama mawakili wengine, na kwa viwango vya mji ule hakufanya jambo lolote la ajabu. Kila mtu alikula.

Waliotangulia kuinua sauti walikuwa wengine. Hugh Bentley, muuza vifaa vya michezo na mtu wa kanisa, mwaka 1951 alianzisha na wenzake chama cha kuusafisha mji. Januari 1952 nyumba yake ililipuliwa kwa baruti usiku. Familia yake ilikuwa ndani, ikanusurika. Mwezi Mei mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, yeye na wenzake walipigwa mbele ya kituo cha kura walipokwenda kuangalia wizi wa kura, na polisi walikuwapo wanatazama. Patterson alikuwa ameshavunja uhusiano na wenye kamari na kujiunga na kina Bentley. Ofisi yake nayo ilitiwa moto mwaka 1952.

Mwaka 1954 akagombea nafasi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Alabama. Lengo lake lilikuwa wazi: kurudi Phenix City akiwa na mamlaka ya sheria mkononi. Katika kura za mwezi Juni, za kumpata mgombea wa chama cha Democratic, alishinda kwa kura chache, na hata hizo wakajaribu kuzichakachua kwenye karatasi za hesabu huko Birmingham. Wakati ule katika Alabama aliyeshinda ndani ya chama hicho alikuwa ameshashinda yote. Siku chache baadaye alisema mbele ya watu kwamba hana tamaa kubwa ya kuiona siku ya kuapishwa. Usiku wa Ijumaa tarehe 18 Juni 1954, mzee wa miaka 60, akiwa ametoka ofisini kwake, alipigwa risasi 3 kwenye uchochoro kando ya jengo la ofisi yake. Akajikokota hadi barabarani, akaanguka, akafa.

Ni nani aliyempiga? Mwaka 1955 mahakama ilimtia hatiani msaidizi mkuu wa sherifu, Albert Fuller, ikamhukumu kifungo cha maisha. Alikaa gerezani kama miaka 10 akatolewa. Mwendesha mashitaka wa eneo lile, Arch Ferrell, naye alishitakiwa akaachiwa. Mwanasheria Mkuu aliyekuwa madarakani, Silas Garrett, alishitakiwa na hakuwahi kufikishwa mbele ya hakimu mpaka mwisho. Tazama orodha hiyo, ndugu msomaji. Askari, mwendesha mashitaka, mwanasheria mkuu wa jimbo zima. Magenge yako wapi? Genge lilikuwa ndilo serikali.

Gavana Gordon Persons alipeleka askari wa jimbo mara moja, na tarehe 22 Julai akauweka mji chini ya amri ya kijeshi. Jenerali Walter Hanna aliwanyang'anya polisi wa mji silaha zao. Mashine zilivunjwa kwa nyundo na kuchomwa moto, mamia ya mashitaka yakafunguliwa, na kufikia mwanzo wa mwaka 1955 kamari ile iliyokita mizizi kwa miongo kadhaa ilikuwa imeondoka. Yaani ilichukua miezi tu. Miaka yote ile watu walikuwa wakiambiwa kuwa haiwezekani, kwamba kamari ikiondoka mji utakufa njaa. Mji haukufa.

(Isije ikafikiriwa kuwa nawapamba. Mtoto wa Patterson, John, alichukua nafasi ya baba yake, akaja kuwa gavana mwaka 1959, na katika kampeni zake aliungwa mkono na Ku Klux Klan dhidi ya watu weusi. Mwenyewe alikuja kulijutia hilo uzeeni. Mlango mmoja wa shari ukifungwa si kwamba nyumba nzima imesafika.)

Kuna atakayeniambia: Ustaadh, huko ilikuwa kamari ya magendo, hapa kwetu ni halali, kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na kuna Bodi yake, wanalipa kodi. Ni kweli. Wala simtuhumu mfanyabiashara wetu kwa bastola wala baruti, namjua, ni mtu wa salamu na mikono miwili. Lakini kibali cha serikali hakihalalishi alichoharamisha Allah, na hilo kila Muislamu analijua. Jambo ninalolieleza mimi liko kabla ya bastola. Ni ile siku mji unapoanza kula. Siku ile Phenix City haikuhisi kuwa inajiuza, ilihisi kuwa inalipa mishahara. Na mimi siku ile nilihisi kuwa naezeka madrasa.

Kamati yetu ilikaa baada ya Idi. Niliwasomea swali la yule kijana kama alivyouliza. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu, alisema fedha haina jina, na kwamba afadhali ipate baraka msikitini kuliko irudi kwenye ulevi. Mwingine, aliyesoma, alileta hoja nzito zaidi: kwamba wapo wanavyuoni waliosema mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani itumike katika maslahi ya jumla, kama barabara na vyoo. Hoja hiyo ipo na siibezi. Lakini wanavyuoni wale walikuwa wanamzungumzia mtu aliyetubu, anayetaka kujivua na mali aliyochuma vibaya. Huyu wetu hajavua kitu. Wiki ileile aliyotupa bahasha aliongeza dubwi jingine jirani na lango la shule. Na kwamba mwenyewe hajulikani? Mmoja wao namjua, anauza vitumbua stendi.

Ndipo nikawakumbusha jambo ambalo sote tulilisoma tukiwa wadogo chuoni. Maquraishi walipoijenga upya Al-Kaaba, Mtume (SAW) akiwa na umri wa miaka 35, kabla hajapewa utume, waliazimia wasiingize humo isipokuwa chumo safi: si malipo ya kahaba, si riba, si dhuluma ya mtu. Hawa walikuwa washirikina, wenye masanamu, wachezaji wakubwa wa hiyo maisiri. Fedha safi ikawapungukia. Wakaona bora nyumba ya Allah iwe pungufu. Wakaacha sehemu upande wa Hijr Ismail nje ya kuta, na Mtume (SAW) mwenyewe alikuja kumweleza Bibi Aisha (RA) kuwa sababu ilikuwa kupungukiwa matumizi. Mpaka leo aliyekwenda Hija ameiona sehemu ile, amezunguka kwa nje yake. Wacheza kamari wa Makka waliona haya kuezeka kwa fedha ya kamari. Sisi wenye Qur'an mkononi tulipiga muhuri.

Mzee wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Tumeshatumia kiasi gani?"

Tulikuwa tumeshatumia 350,000 kwa mbao na fundi. Mabati yenyewe duka lilikubali kuyapokea kwa hasara kidogo. Iliyobaki tukachangishana. Mimi nilitoa 100,000, kwa kuwa stakabadhi ilikuwa na saini yangu, na mama watoto anajua tulikula nini mwezi ule. Nikaenda mimi na mhazini kumrudishia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alihesabu fedha taratibu, akaziweka mtotoni mwa meza, akanitazama kwa upole kabisa, akasema: "Sawa Ustaadh, mimi sina neno. Lakini zile jezi za timu ya shule nilizowanunulia mwaka jana, mbona hamjanirudishia?"

Sikuwa nikijua. Nimewauliza walimu wenzangu, wanajua wote.

Jezi ni 16, za kijani, pamoja na soksi. Nimemwandikia barua mkuu wa shule na hii ni wiki ya tatu hajanijibu. Watoto wa madrasa wanasomea chini ya mwembe, na mvua za vuli zimeshaanza. Jumamosi timu yetu ina mechi ugenini, na yule kijana wa kidato cha pili ni mmoja wa watakaozivaa.